Uji wa Nyemo na Pampu ya Mlali

Kwanza msinicheke. Mimi ni mstaafu, barua ninayo, na nina miaka ishirini na tisa. Barua inasema nimestaafishwa kwa manufaa ya karakana. Manufaa yenyewe sijayaona, na karakana sasa hivi ni ghala la mitumba, lakini mstaafu ni mstaafu, na mstaafu ana haki ya kuwakalisha vijana chini akawapigia hadithi. Kaeni.

Mwalimu wenu aliniomba kurasa chache juu ya kazi niliyoifanya, azibandike ubaoni mzisome nyie mnaomaliza kidato cha sita. Nilimkatalia. Nina mtoto, nina kazi, nani atakaa aandike. Halafu Jumatatu akaja Tabitha wa Mlali na fomu yake ya chuo kikuu, nikapandwa na hasira mpaka nikatia chumvi kwenye mlenda mara mbili. Mlenda ukaenda kwa kuku. Ndiyo maana naandika.

Kwenye fomu kuna mahali pa kujaza unataka kusoma nini. Tabitha kaandika kwa penseli: uhandisi wa metali. Baba yake kachukua penseli hiyo hiyo, kapiga mstari juu yake, kaandika pembeni: biashara. Kamwambia viwanda vinafungwa kila kukicha, siku hizi ni soko huria, msomi wa chuma atakula chuma chake. Fomu inatakiwa iwe posta Ijumaa. Tabitha akakaa kwenye kigoda changu, akaniuliza, "Mama Nyemo, ni kweli hakuna kazi?"

Sikumjibu siku ile, kwa sababu jibu lililonijia halifai kupelekwa kwa baba wa mtu. Lililofaa ni hili hapa. Ni lako, Tabitha. Wenzako wanaruhusiwa kuchungulia.

Mimi niliingia karakana na cheti cha kidato cha nne chenye alama nisizopenda kuzitaja. Waliniweka stoo, nipange mifano ya mbao. Ukitaka kusubu kitu cha chuma, unaanza na umbo lake la mbao. Unalifukia kwenye mchanga wenye udongo, unaushindilia, unalitoa taratibu, linabaki shimo. Chuma kilichoyeyuka kinamiminwa humo. Mpaka hapo hata mtoto anaelewa. Shida inaanza pale kitu kinapotakiwa kuwa na uwazi ndani, kama bomba au pampu. Hapo unatengeneza umbo lingine la mchanga uliogandishwa, unalining'iniza katikati ya shimo, chuma kinalizunguka. Hilo tunaliita kiini. Fikirieni zambarau: nyama ndiyo chuma, kokwa ndiyo kiini. Tofauti ni kwamba kokwa yetu lazima iwe ngumu chuma kinapoingia, halafu chuma kikishaganda iwe laini uigonge imwagike yote. Ngumu kwa dakika chache, halafu unga. Kazi yote ya viini ni hiyo, na imewashinda watu wenye ndevu.

Fundi wa viini alipohamia Morogoro nikapewa mimi nafasi yake. Walisema kwa sababu vidole vyangu ni vyembamba. Kwamba nina akili waliligundua baadaye, na wengine bado hawajaligundua.

Msimamizi wetu alikuwa Mzee Issa, mtu wa Kolo, ukoo wa wahunzi tangu babu wa babu. Ndiye aliyenifundisha mchanga. Unaukamata kiganjani, unaubana, unafungua mkono, unauvunja. Ukivunjika vipande viwili safi kama ugali uliolala, umefaa. Ukimeguka vipande vitatu, maji kidogo. Ukiacha unyevu kwenye kiganja, maji mengi, na maji mengi ndani ya shimo la chuma kinachochemka ni mvuke, na mvuke hauombi njia. Alinifundisha pia kusikiliza. Kitu kilichosubiwa vizuri ukikigonga kwa nyundo ndogo kinaimba. Chenye ufa kinasema kama debe la maharage.

Lakini Mzee Issa alikuwa na lake. Kwao mwanamke hasogelei mvukuto, na mwenye mimba ndiyo kabisa: chuma kinakataa. Mimba yangu ilipoanza kuonekana akachora mstari kwa fimbo kwenye mchanga wa sakafu, hatua kumi kutoka tanuri, akaniambia siku za kumimina nisiuvuke. Nikamwuliza chuma kinajuaje.

"Chuma kimezaliwa kabla yako, binti yangu," akasema, na kwake mjadala ulikuwa umekwisha.

Nilikuwa nikivuka mgongo wake ukigeuka. Chuma kilitoka vilevile.

Nyemo akazaliwa, nikarudi kazini naye mgongoni, kwa sababu baba yake alikwenda Dar es Salaam kutafuta, na mpaka leo anatafuta.

Sasa nikuletee mtu mwingine, Tabitha, kwa sababu huyu ndiye wewe baada ya miaka minne mitano. Elibariki alikuja kwetu na shahada ya uhandisi wa metali na viatu vinavyong'aa. Zamani serikali ndiyo ilikuwa ikiwapangia wasomi vituo vya kazi. Yeye alitoka chuoni wakati mpango huo umeshakufa, akazunguka na vyeti vyake mpaka akafika Dodoma. Meneja hakujua amfanye nini. Akampa meza stoo, ahesabu boliti. Akazihesabu wiki nzima, kwa ukubwa na kwa uzi wake, msomi wa chuo kikuu. Wiki ya pili akaja kwetu akaomba kazi yoyote yenye joto. Mzee Issa akampa chekecheke na rundo la mchanga. Alichekecha siku tano na viatu vile vile, na hakulalamika, ila kila jioni alivifuta kwa leso. Tukamwita Enjinia, kwanza kwa kejeli.

Siku iliyotufanya tuache kejeli ilikuwa ya ekseli. Dereva mmoja alitoka Gulwe na ekseli ya trela iliyokatika vipande viwili, uso umemshuka. Tajiri wake alisema amezidisha mzigo, anamfukuza. Enjinia akakitazama kile kipande palipokatikia, akakipeleka mlangoni kwenye jua, akaniita. Nusu ya mkato ilikuwa nyeusi na laini, ina mistari kama ya ganda la konokono. Nusu nyingine ilikuwa inameta kama sukari. Akasema hiyo nyeusi ni ufa wa siku nyingi, umekuwa ukitembea kidogo kidogo, na kutu imeshaingia. Hiyo inayometa ndiyo iliyokatika juzi. Yaani ekseli ilikuwa imeshakufa nusu kabla dereva hajapakia hata gunia. Akaiandika kwenye karatasi, akaweka sahihi na shahada yake chini. Dereva akarudi kazini. Wiki iliyofuata akatuletea mbuzi, na mbuzi huyo alikula mfano mmoja wa mbao kabla hatujamla yeye.

Hiyo ni kazi, Tabitha. Kusoma chuma kilichokatika. Mtu aliniambia kuna wenye mabasi na mitambo wanaowatafuta watu wa namna hiyo kama wanavyotafuta daktari, na hawawapati. Endelea.

Ndipo akaja bwana wa chaki. Alitumwa kutoka Dar es Salaam akague karakana kwa ajili ya kuuzwa. Suti ya kijivu, mkoba, na kipande cha chaki nyeupe. Anachoona kitauzika anakipigia tiki, kilichochakaa msalaba. Alipiga msalaba tanuri. Akapiga msalaba mapipa ya mchanga. Akapiga msalaba meza yangu ya viini, na mimi nimesimama hapo hapo ninanyonyesha. Nilimwuliza kama na mimi ananipigia. Akatabasamu, akasema watu wana orodha yao tofauti.

Katika siku hizo hizo za msalaba likaingia trekta la Mlali. Kwenye tela kulikuwa na kitu kimefunikwa blanketi kama mgonjwa, na pembeni yake kakaa mwenyekiti wa kamati ya maji. Tabitha, huyo ndiye baba yako. Mwenyekiti akashuka, mbukwenyi kwa wazee, habari za kazi kwa vijana, akafunua blanketi. Lilikuwa tumbo la pampu ya kisima chao, limepasuka kama chungu. Alishapita maduka yote ya mjini. Vifaa vipya vimejaa mpaka barabarani, kila rangi, lakini tumbo la pampu ile ya zamani hakuna. Wakamwambia anunue pampu nzima mpya ya kutoka nje, na kijiji hakiwezi.

"Kina mama wamerudi kufukua mchanga wa mto," akasema. "Hata huyu binti yangu wa kidato cha pili haendi shule, yuko kwenye foleni ya ndoo. Mnaweza au hamwezi?"

Mzee Issa akamtazama bwana wa chaki, akasema tunaweza. Bwana wa chaki akasema kama likitoka zima, atafuta msalaba kwenye tanuri. Alisema mbele ya watu kumi na wawili. Nimewahesabu.

Basi ikawa hivyo: tumbo likitoka, Mlali wapate maji na sisi tubaki na kazi. Lisipotoka, twende nyumbani wote.

Kiini cha tumbo la pampu kimejikunja kama konokono, na mchanga mkavu haujikunji wenyewe. Unahitaji gundi. Sisi tulikuwa tukitumia molasi ya kiwanda cha sukari. Lakini soko lilipofunguliwa molasi ikapata wachumba wengine, wafuga ng'ombe na wapika gongo, na pipa letu lilikuwa limebaki harufu tu. Enjinia alitafuta kwenye vitabu vyake. Vitabu vilitaja mafuta ya mbegu ambazo hata jina lake Dodoma hatulijui.

Gundi niliipata mimi, na niliipata kwa uchafu. Nilikuwa nikimlisha Nyemo uji mzito wa uwele mezani pangu, akakipiga kijiko teke, uji ukaangukia rundo la mchanga karibu na tanuri. Nikauacha. Kesho yake nikafagia, ufagio ukakwama. Lile bonge lilikuwa gumu kama tofali. Nikalipiga ukutani, halikuvunjika. Nikalitupa kwenye makaa, nikalitoa kwa koleo, nikaligusa: likamwagika likawa mchanga mtupu.

Nikampelekea Enjinia vipande viwili, kimoja kigumu, kingine kwenye karatasi. Akaanza kucheka, akaacha. Akanusa. "Ni wanga," akasema polepole. "Unashika ukikauka, unaungua chuma kikiingia." Halafu akasema maneno ambayo msomi akikwambia unayatunza: "Mama Nyemo, hili limeandikwa, nimelisoma, nilifaulu mtihani wake. Sikujua kama ni uji."

Tukajaribu kiini kidogo cha bushi, kile kipete cha kuzungukia ekseli. Mchanga wa mto uliooshwa na kukaushwa, uji mzito wa uwele, unachanganya kwa mkono mpaka ubanike. Tanuri letu la kukaushia lilikuwa limekufa, tukaomba kwa mwoka mikate wa jirani. Alikubali, kwa sharti vikae rafu ya chini. Wiki ile wateja wake walisema mikate ina mchanga. Akawajibu ni ngano ya msaada. Kiini kikashika, tukamimina, kikamwagika chote kwa nyundo tatu. Nilicheza pale karakana na mtoto mgongoni, na Mzee Issa akajifanya anatafuta kofia yake ili asionekane anacheka.

Sasa lije kosa langu. Nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine.

Siku ya kiini kikubwa Nyemo alikuwa ametoka kuugua, hataki kula. Kliniki nesi alikuwa ametufundisha kina mama: tieni kijiko cha unga wa kimea kwenye uji wa mtoto ukiwa wa vuguvugu. Kimea mnakijua, mtama uliochipuzwa ukakaushwa ukasagwa, wapika pombe ndio wenyewe. Basi asubuhi ile nikasema, ya nini kupika mara mbili? Nikapika sufuria moja kubwa kwa ajili ya mtoto na pampu. Mtoto akala vizuri. Uji niliuona umekuwa mwepesi, nikadhani nimezidisha maji, nikaongeza unga, nikauchanganya na mchanga, nikaujaza kwenye kisanduku cha kiini, tukaoka. Kwa nje kilikuwa kizuri kama keki ya harusi.

Tukamimina. Ile sauti sitaisahau. Chuma kiliingia, kikanyamaza, halafu ndani kukasikika kitu kinaanguka, *puh*, kama mtu amekaa kwenye gunia. Kesho yake tulipovunja mchanga tulikuta bonge la chuma lenye mchanga tumboni, halina uwazi, halina njia ya maji, halina maana. Bwana wa chaki alilizunguka mara moja. Hakupiga msalaba. Hakuona haja.

Nilimwona fundi mmoja akimtazama mwenzake, na mwenzake akautazama mstari wa Mzee Issa, ambao alikuwa akiuchora upya kila siku ya kumimina, na mstari ulikuwa na nyayo zangu juu yake, huku na huku, na kandambili yangu iliyokatika kisigino kila mtu anaijua. Halafu mmoja akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba pengine mwenye kunyonyesha angepumzika siku ya kumimina ya pili. Nikamwambia maziwa yangu hayajafika kwenye tanuri. Niliondoka pale kwa hasira, kwa sababu makaa ya mawe yalibaki ya kuwasha tanuri mara moja tu, na walikuwa wameshapata wa kumlaumu, na hawakuwa wakitafuta sababu tena.

Enjinia alisema tanuri la mikate halikupata moto wa kutosha.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa namlisha Nyemo nyumbani. Uji nilioupika ulikuwa mzito kijiko kinasimama. Nikatia kimea, nikakoroga, nikageuka kumfunga mtoto kitambaa. Nilipochota tena, uji ulikimbia kwenye kijiko kama maji. Nikakumbuka maneno ya nesi, yote sasa, siyo nusu kama nilivyoyabeba: kimea kinaulainisha uji mzito ili mtoto anywe mwingi bila kuchoka kutafuna. *Kinaulainisha.* Nilikuwa nimetia gundi, halafu nikatia cha kuiua gundi, kwenye sufuria moja.

Sikumaliza kumlisha. Nilimtupa mgongoni, nikabeba sufuria na pakiti ya kimea, nikatembea mbio kutoka Chang'ombe, mtaa wetu hapa Dodoma, mpaka karakana, uji unanichuruzika mkononi.

Nikapika uji mwingine pale pale bila kimea, nikaweka mabakuli mawili mezani, juu ya msalaba. Uji mzito kote kuwili. Moja nikatia kijiko cha kimea, nikakoroga, nikawaambia wasubiri. Wakakusanyika. Hata bwana wa chaki alikuja na mkoba wake. Baada ya muda nikainamisha bakuli lisilo na kimea: uji haukusogea. Nikainamisha la pili, ukamwagikia viatu vya Enjinia.

Enjinia hakuvitazama hata viatu. Alikuwa anapiga meza kwa ngumi, taratibu, anasema kimea kinakula wanga, kinaukata vipande vipande, kinaugeuza sukari, ndiyo maana pombe, ndiyo maana, ndiyo maana. Mzee Issa akachovya kidole, akaonja, akaonja na la pili.

"Kwa hiyo si mstari," akasema.

"Si mstari, mzee. Ni kimea."

"Na kimea alitia nani?"

"Mimi."

Mzee Issa alianza kucheka polepole, akashika meza, kofia ikaanguka. "Basi walisema ni wewe, na kweli ni wewe," akasema. "Sababu tu ndiyo hawakuipata." Akaenda kwenye ule mstari wake, akaufuta kwa kiatu mpaka mwisho, upande mpaka upande. Akarudi akaniambia siku ya kumimina nikae mbele, kwa kuwa kiini ni changu, kikianguka tena nikione kwa macho.

Hakikuanguka. Niliupika uji ule peke yake, kwenye sufuria isiyowahi kuona kimea, na nikaikalia macho kama mchumba. Kiini tulikigonga kabla hatujakiweka, kikalia. Siku ya kumimina Mzee Issa na Enjinia walishika mpini wa ndoo ya chuma, huku na huku, mimi nimesimama hatua mbili, ninakwangua mavi ya chuma juu kwa fimbo ndefu yasiingie shimoni. Chuma kiliingia kwa sauti ya kitambaa cha hariri kinachovutwa, kikajaa, kikachungulia kwenye matundu ya juu. Kesho yake tukavunja mchanga. Nyundo saba, kiini kikamwagika chote, mchanga mweusi unaonukia uji ulioungua. Mzee Issa akanipa nyundo ndogo. Nikagonga. Likaimba, watoto wangu. Likaimba mpaka Nyemo akageuza kichwa mgongoni.

Tukaliziba matundu, tukalijaza maji, tukayasukuma kwa pampu ya mkono, Enjinia akalipapasa kote kwa karatasi ya chooni, kwa sababu karatasi inaona jasho la chuma kabla ya jicho. Kavu.

Nilikwenda Mlali siku ya kulifunga. Maji yalipotoka watu walipiga vigelegele, wakarukiana, mwenyekiti akamwagiwa ndoo na mkewe mbele za watu. Mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Kulikuwa na msichana amechuchumaa kando, hakimbilii bomba. Alikuwa ameingiza mkono kwenye lile tumbo la zamani lililopasuka, anapapasa ndani. Akaniuliza, "Dada, wanasema mnasubu kwa mchanga. Huku ndani mliutoaje, na mlango ni mdogo hivi?"

Katika watu wote wa kijiji kile, aliyeuliza alikuwa mmoja. Baba yake akacheka, akasema mtoto huyu maswali, msameheni. Nilimweleza msichana yule mpaka dereva wa trekta akapiga honi.

Karakana iliuzwa. Bwana wa chaki hakufuta msalaba. Alirudi baada ya wiki mbili na mnunuzi aliyetaka paa na sakafu tu. Watu kumi na wawili waliomsikia akiahidi walipata barua zao siku moja, na mimi yangu. Nililia? Nililia kwa hasira, ndiyo, kwa dakika kama kumi. Halafu nikauliza ile mifano ya mbao na visanduku vya viini vinakwenda wapi. Wakasema kuni. Nikaleta mkokoteni. Nikachukua na meza yangu. Msalaba bado uko, ndipo ninapoandikia.

Leo nyuma ya nyumba yangu kuna tanuri la pipa, ndani nimelikandika udongo wa kichuguu, maana kichuguu hakipasuki kwa moto. Nayeyusha pistoni mbovu na sufuria zilizotoboka, nasubu bushi, puli za mashine za kusaga, vipuri ambavyo maduka yote mapya ya mjini hayana. Chuma cha pua bado kinanishinda pale, nangoja mtu aliyesoma. Mzee Issa yuko Kolo anafua majembe ya springi za lori. Wakulima wanatoka mbali kwa sababu majembe yake hayapindi wala hayakatiki. Anajua lini achovye kwenye mafuta na lini kwenye maji, na chuma kiwe na rangi gani. Ana wajukuu wa kike wawili wanaovuta mvukuto, na nilipomtania juu ya hilo akaniuliza nimefikaje huko bila kualikwa. Enjinia anapima nondo za majengo ya serikali yanayoota kila upande Dodoma hii, anazivuta kwa mashine mpaka zikatike ili zisikatikie vichwani mwetu. Wenzake aliosoma nao wengine wako kwenye migodi ya Kanda ya Ziwa, mmoja anachambua vyuma chakavu bandarini, ajue hiki ni nini kabla hakijayeyushwa pamoja na kile, mmoja anafundisha. Jumamosi Enjinia anakuja kwangu kwa viatu vibovu.

Baba Tabitha, shikamoo. Najua utasomewa haya, na najua utakasirika, na mimi nimekasirika tangu Jumatatu kwa hiyo tuko sawa. Ulisema kazi za chuma hazipo. Maji uliyonawia uso leo asubuhi yamepita wapi? Kilichofungwa ni lile jengo, mzee wangu. Vitu vinavyokatika, kupasuka na kulika havijafungwa, vimeongezeka, na wanaovielewa ni wachache kuliko wauzaji. Na yule binti uliyeniambia kwa uchungu kwamba haendi shule kwa sababu ya foleni ya ndoo, alirudi shule kwa tumbo lile. Usimwambie sasa kwamba lilikuwa si kazi.

Tabitha, fomu uliisahau kigodani. Mstari wa penseli nimeufuta, na biashara nimeifuta. Neno lako nalo limefutika, samahani, raba ya Nyemo haichagui. Nafasi iko tupu, ujaze mwenyewe. Njoo Ijumaa kabla ya posta kufunguliwa, njoo na kalamu ya wino.

Utakuta sufuria mbili jikoni. Ya kunywa ni ile yenye kimea. Nyingine usiiguse, tunamimina Jumamosi.